Damu Moja, Vidonge Viwili: Maisha ya Mama Dancille Mukashema (1960–2022)

Padri wetu, Papa Nzanzu, mama zetu wa materinite, nyumba ya kuzalishia ya Kibua, na ninyi nyote mliofika kwa miguu na kwa pikipiki licha ya hali ya barabara: familia imenipa mimi, Élisabeth, mtoto wa dada yake, kazi ya kusoma maisha ya Mama Dancille Mukashema. Nitasoma polepole. Yamo mambo ambayo wengi wenu mliyasikia nusunusu. Mama mwenyewe aliagiza yasemwe wazi siku hii, bila kuona haya.

Mama Dancille alizaliwa tarehe 14 Aprili 1960, kwenye kilima kimoja juu ya Matanda, Masisi. Alikuwa mtoto wa pili wa Papa Kabera na Mama Dafroza. Dada yake mkubwa alikuwa Umulisa, mama yangu mzazi. Mdogo wao ni Béata. Ilikuwa nyumba ya wafugaji wa ng'ombe, na tangu akiwa mdogo Dancille ndiye aliyeshuka asubuhi kuuza maziwa karibu na parokia. Wanunuzi wake walimjua kwa jambo moja: hakuweza kuficha kitu. Siku moja mvua ilimkuta njiani, maji yakaingia ndani ya chombo. Alisimama mlangoni kwa mke wa katekista akasema, "Mama, leo iko maziwa na mvua. Ukitaka, kunywa. Ukikataa, nitarudisha." Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanunua yote.

Alisoma shule ya msingi Matanda kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari. Alikuwa darasani mwezi wa Februari 1974 walipokuja kumwita. Mama Dafroza alikuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alikuwa ameficha uvimbe wa titi chini ya kitenge karibu mwaka mzima, na siku ulipoonekana ulikuwa tayari kidonda. Dada wa Mama Dafroza alikuwa amekufa vilevile kabla yake. Kilimani watu walisema ni sumu. Wakamtaja jirani, Mama Languida, kwa sababu ndiye aliyekuwa akileta uji kwa mgonjwa. Wakabomoa nyumba yake, akaondoka na watoto wake akiwa amebeba sufuria moja. Dancille aliyaona hayo yote akiwa na miaka kumi na mitatu. Baadaye alituambia kwamba hata yeye aliamini.

Baada ya sekondari alikwenda Goma kusomea ukunga, akapata diploma mwezi wa Julai 1981. Mwaka uliofuata alitumwa hapa Kibua, huku Walikale. Alikuja kwa kamio, lori la mizigo, akiwa na godoro na sanduku moja, katika pori ambamo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulala. Alidhani atakaa miaka miwili. Ndugu zangu, alikaa maisha yake yote. Wengi mnaonisikiliza leo, mikono iliyowapokea duniani ilikuwa ya kwake.

Kamio ile ilikuwa ya mfanyabiashara kijana wa Butembo, Papa Nzanzu, aliyekuwa akileta chumvi, sabuni na nguo kutoka Goma hadi Walikale. Msimu wa mvua gari lake lilikwama hapa chini ya kilima, likakaa wiki nzima. Kila asubuhi alipanda materinite kuomba dawa ya kichwa. Mwishowe Dancille alimwambia, "Kaka, kichwa yako ni muzima. Sema kile unatafuta." Akasema. Habari ilipofika Butembo, mama yake, Mama Mbambu, alikataa. "Nzanzu, niliuliza watu," alimwambia. "Wanawake ya ile nyumba wanakufaka na ugonjwa ya ziwa, ya titi, na wanakufa vijana. Unataka kubaki mujane na watoto mikononi?" Papa Nzanzu alijibu, "Mama, hata kama ni miaka kumi, ninaitaka hiyo kumi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1984. Mungu aliwapa miaka thelathini na saba, na watoto watatu: mvulana, Merdi, na mabinti wawili, Wivine na Blandine. Na Mama Mbambu, aliyekataa, ndiye aliyekuja kumlea Wivine mwaka mzima ili mkwe wake arudi kazini.

Mwaka 1991 ilifika zamu ya mama yangu. Umulisa alikuwa na miaka thelathini na minne. Mama Dancille alimleta hapa Kibua na kumwosha kidonda kwa mikono yake hadi mwisho, kisha akanichukua mimi, mtoto wa miaka sita. Tangu siku ile sikuwahi kuitwa yatima nyumbani mwake.

Vita vilianza Masisi mwaka 1993. Ng'ombe wa Papa Kabera walichukuliwa wote, naye akafia njiani kwenda Sake. Mwaka 1996 Béata alikimbia na hatukujua kama yuko hai. Huku Walikale, mtu wa Masisi mwenye sura na lugha ya watu wa ng'ombe alikuwa akitafutwa ili auawe. Mama Dancille alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1998 watu wenye silaha walipanda materinite wakimwulizia kwa jina. Waliwakuta wanawake wa Kibua wameketi mlangoni, wengine wajawazito, wengine wakinyonyesha, na hakuna aliyeinuka. Mmoja wao aliwaambia, "Huyu njo anatuzalisha. Mukimubeba, mubakie hapa mutuzalishe ninyi." Wale wanaume waliangaliana, wakashuka kilima. Hao akina mama wapo hapa mbele yangu. Familia inawapigia magoti.

Sasa nafika kwenye jambo alilotaka lisemwe.

Mwezi wa Oktoba 2002 Mama Dancille alikuwa Goma kuchukua dawa za kituo. Alipokuwa kwenye depo ya Papa Nzanzu, simu ililia. Alikuwa Béata, kutoka Ubelgiji, baada ya miaka sita ya kimya. Walilia kwanza wote wawili. Kisha Mama aliuliza, "Mbona sauti yako iko ndogo?"

"Niko ku lopitali, dada. Ilinifikia na mimi. Walitoa ziwa ya kuume."

Mama alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Sikiliza muzuri," Béata aliendelea. "Hapana sumu. Docteri walipima damu yangu. Wanasema kuko kitu kidogo imeharibika ndani ya damu ya ukoo, tunazaliwa nayo. Muzazi akiwa nayo, kila mutoto anaweza kuipata ao kuikosa, nusu kwa nusu. Mwenye iko nayo, kansere ya ziwa inamukamata mbio, na ya ovari pia. Wanataka na wewe upimwe."

"Basi Mama hakurogwa?"

"Hakurogwa, dada. Hata Umulisa."

Papa Nzanzu anasimulia kwamba laini ilipokatika mkewe alikuwa bado na simu sikioni. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Mama Languida."

Damu yake ilitolewa Goma mwaka 2003 na daktari wa wanawake, Dokta Ndayambaje, ikasafirishwa Ulaya. Jibu lilirudi: alikuwa nayo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na matiti yake yalikuwa bado mazima. Dokta alimweleza kwamba ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, zikitolewa, hatari ya kansere ya ovari inashuka sana. Mama hakuhitaji kushawishiwa. Kwa kuwa tumbo lake la uzazi lilikuwa na vivimbe vilivyomsumbua siku nyingi, tumbo hilo na ovari vyote vilitolewa kwa upasuaji mmoja, tarehe 18 Novemba 2003.

Hakuna aliyemwandaa vya kutosha kwa kilichofuata. Joto lilimpanda usoni kama mtu aliyeinamia jiko. Usingizi ulikimbia. Mifupa iliuma na moyo ulikwenda mbio bila sababu. Aliporudi Goma, Dokta Ndayambaje alimwandikia vidonge vya homoni, ile ambayo ovari zake zilikuwa zikitengeneza. Mama hakuvipokea. Mwaka uliotangulia alikuwa amesikia redioni kwamba homoni za wanawake waliokoma hedhi zinaleta kansere ya titi.

"Docteri," alisema, "unanipa chakula ya ile mnyama yenye ilikula mama yangu?"

Dokta hakumkasirikia. "Mama Dancille, ile habari niliisoma na mimi. Wale wanawake walikuwa wakubwa kuliko wewe, na habari mubaya zaidi ilikuwa ya wale walichanganyiwa homoni mbili. Wewe, juu tumbo ya uzazi ilitoka, nitakupa moja tu, kidogo. Unarudishiwa kile mwili yako ingekuwa nayo mupaka miaka makumi tano. Mwanamuke mwenye alishapata kansere ya ziwa, simupe. Wewe haujapata."

"Na wenye damu kama yangu? Waliwajaribu?"

"Masomo iko kidogo sana. Kile tunaona mupaka leo haionyeshe kama inawazidishia hatari. Lakini kukuapia, siwezi. Ukikubali, tutakuangalia ziwa kila mwaka. Ukikataa, mifupa na moyo vinaweza kulipa."

Alirudi Kibua na vile vidonge, akaviweka juu ya kabati bila kuvifungua. Béata alipiga simu akasikia habari hiyo. Yeye alikuwa anakunywa kidonge cha kinyume kabisa, cha kuizuia homoni, kwa sababu uvimbe wake ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni. "Dada," alisema, "kile wanakupa wewe, mimi wanakifukuza ndani ya mwili yangu." Wote wawili walijua ni kweli, na wote wawili waliogopa.

Wiki zilipita. Mama alizidi kuchoka. Asubuhi moja, akimpokea mtoto wa mwalimu wa hapa, usingizi ulimchukua akiwa amesimama, na mtoto akamteleza hadi magotini, akadakwa na mwenzake. Mtoto hakuumia. Mama alirudi nyumbani akaketi uani na kuitazama mikono yake. Papa Nzanzu alikaa karibu naye.

"Siwezi kukuchagulia," alisema. "Ukinywa, nitaogopa. Usipokunywa, nitaogopa pia. Lakini ninakuona haulalake."

"Nikifa na ziwa kama mama, utasema nini?"

"Nitasema ulichagua macho yako ikiwa wazi. Mama yako hakupata hata nafasi ya kuchagua."

Aliingia ndani, akamwita kila mmoja wetu, akatueleza kidonge ni cha nini na hatari yake ni ipi, kisha akameza mbele yetu. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, simu iliporuhusu, dada wawili wa tumbo moja, wenye damu moja na kasoro ileile, walisalimiana: mmoja Ubelgiji amemeza kidonge cha kuzuia, mwingine Kibua amemeza kidonge cha kuongeza. Nimekuwa muuguzi mimi mwenyewe, na mpaka leo nikilifikiria jambo hili, mwili unanisisimka. Namna gani kitu kimoja kinaweza kuwa adui kwa huyu na dawa kwa yule, na wote wawili wakaishi?

Lakini Mama hakuridhika kuwa salama peke yake. Yule dada wa Mama Dafroza aliyekufa zamani alikuwa ameacha mabinti, na vita viliwatawanya. Mwezi wa Juni 2005, akiwa amepata nguvu, aliondoka kuwatafuta. Wa Masisi aliwafikia kwa kamio ya mumewe. Wawili walimsikiliza. Mmoja alimfungia mlango akisema analeta laana, na huyo tulimzika mwaka 2009. Wa mwisho, Vénantie, alisikika yuko Bisie, kwenye machimbo ya kasiterite, madini ya bati, akiwapikia wachimbaji maharage. Hakuna gari linalofika huko. Mama alitembea ndani ya msitu, nyuma ya wabebaji wa mizigo, matope yakimfika magotini.

Kwenye barieri ya watu wenye silaha walimsimamisha. Lafudhi yake iliwafanya wakusanyike.

"Unabeba nini?" mkubwa wao aliuliza.

"Chakula ya njia na mikono yangu tu."

"Mikono ya kufanya nini?"

"Kupapasa maziwa ya wanawake ya ukoo yangu. Iko ugonjwa inatuua, tunazaliwa nayo. Kuko dada yangu moja hapo mbele hajui."

Walicheka sana. Yule mkubwa hakucheka. Aliwafukuza wenzake, akavuta kigogo, akamwambia akae. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ugonjwa inaanzaka namna gani? Juu mama yangu aliniambia ako na kitu ngumu hapa, na mimi nikamwambia ni baridi." Mama alikaa akamweleza yote, kama alivyokuwa akiwaeleza wajawazito wa Kibua: pa kugusa, namna ya kugusa, na mahali pa kumpeleka. Alipomaliza, yule mtu alimpokea mzigo wake wa chakula na kumsindikiza hadi mtoni. Hatukujua jina lake, wala kama mama yake alipona.

Vénantie alikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya harage, naye hakuwa amemwambia mtu. Mama alitoka naye Bisie siku iliyofuata. Alipasuliwa Goma, akatibiwa kwa miezi mingi, na nyumbani kwetu ndipo alipojiuguza. Vénantie, wewe unajua mengine. Mimi siwezi kuyasoma bila kulia.

Waliporudi kutoka Bisie, walipitia Itebero, kwa kuwa Mama alikuwa amesikia kwamba Mama Languida anaishi huko. Alimkuta mzee kabisa, anamenya mihogo. Mama alipiga magoti kwenye maganda.

"Mimi ni mutoto wa Dafroza, wa Matanda. Ile siku walikuvunjia nyumba, nilikuwa pale. Haukumupa mama yangu sumu. Ilikuwa damu yetu. Nilikuja kukuambia, na kukuomba musamaha ya nyumba yetu yote."

Mama Languida aliendelea kumenya hadi mhogo ule ulipokwisha. Halafu alisema, "Mimi nilijua sikumupa. Ila watoto yangu, waliniulizaka kila siku kama ni kweli. Simama, uwaambie wao." Akawaita, mmoja mmoja, watu wazima wenye wajukuu, na Mama akarudia maneno yale mbele ya kila mmoja. Vénantie alikuwepo.

Vidonge vyake vilisafiri kwenye makamio ya Papa Nzanzu. Barabara ilipofungwa na vita, alikaa miezi bila dawa, joto likarudi, naye akaendelea kuzalisha wanawake, wakati mwingine msituni ambako kijiji kizima kilikuwa kimekimbilia. Alipofikisha miaka hamsini na mmoja, Dokta alimwambia aache, naye akaacha. Kila mwaka ambapo njia ilipitika alikwenda Goma kupimwa. Kila mara alirudi akiwa mzima. Mwaka 2015 sisi mabinti tulipimwa damu. Wivine anayo. Mimi ninayo. Blandine hana, na siku alipoambiwa alilia, akisema tumemwacha peke yake. Mama alimkumbatia akicheka na kulia pamoja.

Tangu mwaka 2018 moyo wake ulianza kuchoka. Presha ilipanda, miguu ilivimba. Tuliwahi kumwuliza Dokta kama ni kwa sababu ovari zilitolewa mapema, au kwa sababu ya ile miezi bila vidonge. Alituambia ukweli, kwamba hakuna anayeweza kusema. Mama hakuuliza. Alisema tu, "Nilipewa miaka. Imetoka kwa mkono wa Mungu na wa watu, siwezi kuitafutia kasoro." Mwezi wa Januari mwaka huu alizidiwa, tukampeleka Goma. Alifariki Jumanne, tarehe 15 Februari 2022, saa nane mchana, Wivine akiwa amemshika mkono na Béata akiwa kwenye simu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Vipimo vyake vya mwisho vya titi vilikuwa safi. Aliomba azikwe Kibua, na leo, Jumamosi tarehe 19, tunamtimizia.

Ameacha mume, Papa Nzanzu, watoto, Merdi, Wivine na Blandine, pamoja nami Élisabeth niliyelelewa naye, wajukuu watano, mdogo wake Béata, anayekaribia kutimiza miaka ishirini tangu apasuliwe na anayetusikiliza sasa hivi kwenye simu ya Merdi, Vénantie na wanawe, na watu wa Kibua, ambao kuwahesabu hatuwezi.

Kabla udongo haujaanguka, naomba wanawake wote wa damu ya Mama Dafroza wasimame. Wivine na Blandine. Vénantie, na binti yako. Watoto wa Masisi, simameni. Waangalieni, ndugu zangu. Mama Dafroza aliishia miaka thelathini na minane. Mama yangu Umulisa, thelathini na minne. Mimi ninayewasomea hapa nina thelathini na saba. Nimekuwa mkubwa kuliko mama yangu aliyenizaa, na nimesimama.

Pumzika kwa amani, Mama Dancille. Bwana akupokee kwa mikono kama ile yako.